Silinda ya Pande Mbili

"Haitoki, shemeji! Nasema haitoki!" Chapchap alilipiga jukwaa la chuma kwa kiganja mpaka likatoa mlio. "Imefungwa, imejaribiwa, inafanya kazi. Unataka nini tena, ikuimbie?"

"Nataka uniache nifikiri."

"Umefikiri tangu asubuhi. Hata yule dereva wa muuzaji huko nje amefikiri naye mpaka amesinzia kwenye usukani."

Mama Pacha alikuwa amechuchumaa ukingoni mwa shimo, tochi mkononi, akiimulika silinda mpya iliyokuwa inang'aa huko chini kama kijiko cha wageni. Pale kiwandani kila mtu alimjua kuwa ni fundi wa kukata maneno. Ukimwuliza kama boliti hii inafaa, anasema inafaa au haifai, kisha anakupa mgongo. Leo neno lilikuwa limemkwama kooni, haliji juu wala halirudi chini, na hilo lenyewe lilikuwa linamtia hofu.

Jukwaa lile ndilo lililoinua mabunda ya plaiwudi hadi kwenye mdomo wa mashine ya kubana. Chini yake kulikuwa na shimo ambalo mtu mzima akiingia husimama kwa kuinama, na ndani ya shimo kulikuwa na silinda moja nene, inayosukumwa na mafuta, ambayo ilibeba jukwaa zima na kila kilichokuwa juu yake. Ile ya zamani ilichakaa na kuvuja mpaka sakafu ya shimo ikawa inateleza kama sabuni. Muuzaji akaleta mbili, wachague moja, nyingine irudi.

Moja ilikuwa ya upande mmoja, ndugu kabisa wa ile ya zamani. Mafuta yanaisukuma juu, basi. Ikitakiwa kushuka, mafuta yanafunguliwa njia yarudi kwenye tangi, na jukwaa linashuka kwa uzito wake lenyewe. Nyingine ilikuwa ya pande mbili: mafuta yanaisukuma kwenda juu, na mafuta yanaisukuma tena kurudi chini. Hakuna kungoja.

Na kungoja ndicho kitu ambacho Chapchap hakukiweza tangu tumboni mwa mama yake. Alikuwa mdogo wa mume wa Mama Pacha na msimamizi wa uzalishaji, na hilo jina alipewa na wafanyakazi kwa sababu hakuna siku aliyomaliza sentensi bila kulitaja neno hilo.

"Ile nyingine," alisema, akiionyesha kwa kidole silinda ya upande mmoja iliyolazwa kwenye toroli karibu na mlango, "inashuka kama bibi harusi anayeagana na mama yake. Hatua moja, kilio. Hatua moja, kilio. Mimi nina oda, shemeji. Mwenye kiwanda ananipigia simu hata nikiwa chooni."

"Kwa hiyo nimchagulie mwenye kiwanda simu yako au nimchagulie mashine?"

Watu wawili waliokuwa wakipanga mbao walicheka, kisha wakajifanya wanakohoa.

Mama Pacha alizima tochi. Asubuhi waliifunga ile ya pande mbili kwa majaribio, wakaipandisha, wakaishusha, na kila kitu kilikwenda sawa. Hakuna tone lililovuja. Jukwaa lilishuka haraka, sawasawa, bila kutikisika. Wote walipiga makofi isipokuwa yeye, kwa sababu alipokuwa analisikiliza lile jukwaa likishuka, vinyweleo vilimsimama na hakujua ni kwa nini. Ile ya zamani ilikuwa inashuka kimya, ikipumua tu. Hii ilishuka inanguruma.

"Hebu na wewe sema kitu," alimgeukia mumewe.

Baba Pacha alikuwa ameegemea ufagio wake mrefu, kofia imemfunika nyusi, uso wa mtu asiyetaka kuhukumu kati ya mke na ndugu. Kazi yake ilikuwa ni hiyo mashine: kuifagia, kuipaka grisi, kukwangua gundi iliyoganda. Kila siku, kabla ya zamu ya mchana, alishuka ndani ya shimo lile. Kwa hiyo chochote watakachokifunga pale chini, yeye ndiye angekaa nacho uso kwa uso.

"Mimi naona ni nzuri," alisema. "Safi. Haivuji. Nitaacha kurudi nyumbani nanuka mafuta kama chapati."

"Inanguruma."

"Hata viatu vipya vinalia siku ya kwanza, Mama Pacha."

"Umemsikia?" Chapchap alifurahi. "Mwenye shimo lake amesema. Haya, nenda ukale. Ukirudi nipe neno moja. Usiponipa, dereva anaondoka na ile iliyo kwenye toroli, na mimi nafungua zamu chapchap."

*

Nyumbani palikuwa mitaa miwili tu kutoka kiwandani. Walipita kwa mchomeleaji wa madirisha, wakapita uani kwa watu ambako nguo zilikuwa zimeanikwa mpaka kwenye waya wa simu, na njia nzima Mama Pacha alitembea hatua moja mbele ya mumewe kama mtu anayefukuzwa. Pacha walikuwa wamesharudi kutoka shule na tayari wanagombea kiti cha karibu na dirisha.

"Mimi nilikiwahi!"

"Ulikiwahi kwa mguu. Mguu hauhesabiwi!"

"Nitakitoa nje hicho kiti na nyote wawili mkae chini," alisema mama yao, na kiti kikapata amani.

Alipakua maharage ya jana. Baba Pacha alikula akiwa amesimama, kama kawaida yake siku za kazi, sahani mkononi, jicho kwenye saa.

"Leo usiingie shimoni," Mama Pacha alimwambia.

"Nani ataingia? Wewe?"

"Ngoja kwanza niamue."

"Vumbi la mbao halingoji uamuzi. Likikaa juu ya mafuta linakuwa uji, nawe ndiye utakayekuja kunigombeza." Alitabasamu. "Unaogopa nini? Hebu niambie, nami niogope, tuwe wawili."

Hilo ndilo lililomuudhi zaidi. Hakuwa na la kumwambia. Alisoma mambo haya chuo, ana stashahada yake, ameshafungua pampu nyingi kuliko sufuria alizoosha, na sasa amebaki kusema moyo wangu umekataa, kama mtu wa ndoto. "Sijui," alisema kwa hasira. "Ningejua ningekwambia."

"Basi yupo Babu," alisema mumewe, akaweka sahani mezani, akawapiga pacha vikofi viwili vya kichwani, kila mmoja chake wasije wakagombana, akatoka.

Babu hakuwa mtu. Ilikuwa nguzo ya mbao ngumu, nene kama paja, iliyokuwepo pale tangu siku kiwanda kilipofunguliwa, na kazi yake ilikuwa kulizuia jukwaa lisimwangukie mtu aliye shimoni. Kila siku Baba Pacha aliingia, akamsimamisha Babu kwenye kibao chake cha chuma, akamshika kwa mikono miwili asiyumbe. Aliye kwenye vitufe huko juu aliuliza kwa sauti, "Babu kasimama?" Wa shimoni akajibu, "Kasimama!" Akaambiwa, "Nalaza!" Kisha kitufe cha kushuka kikabonyezwa mpaka jukwaa likaketi kichwani mwa Babu, likatulia. Hapo tu ndipo umeme ulipozimwa na mtu akaanza kufagia. Ilikuwa njia nzuri. Hakuna aliyetegemea mafuta, wote walitegemea mbao, na mbao ile haikuwahi kumwangusha mtu. Mama Pacha aliijua shughuli hiyo kwa masikio zaidi kuliko kwa macho, kwa sababu saa ya Babu ilikuwa saa yake ya kula. Akiwa getini anarudi alizisikia zile sauti mbili zikijibizana, akajua mumewe yuko salama.

Alianza kukusanya sahani.

"Mama, mbona hujala?" aliuliza mmoja wa pacha.

"Nimeshiba."

"Umeshiba nini?"

Mkono wake ulikuwa kwenye beseni lakini kichwa kilikuwa bado ukingoni mwa shimo, kinasikiliza. Kwa nini inanguruma? Ngurumo ni ya pampu. Ile ya zamani ilishuka kimya kwa sababu pampu ilikuwa imelala, uzito wa jukwaa ndio uliofanya kazi. Hii inashuka na pampu ikiwa macho. Maana yake haishuki yenyewe, inasukumwa. Inasukuma kwa nguvu ileile inayoweza kubeba bunda zima la plaiwudi, na itaendelea kusukuma maadamu kidole kiko kwenye kitufe, hata ikikuta nini njiani.

Asubuhi haikukuta kitu. Shimo lilikuwa tupu.

Mchana huu itamkuta Babu. Na Babu atakuwa ameshikwa kwa mikono miwili.

Sahani ilimponyoka, ikazama.

Alichukua simu. Ya mumewe iliita mpaka ikakata, na alijua iko wapi: kwenye kabati lake la chuma, kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyemkataza kuingia nayo shimoni. Ya Chapchap iliita, ikaita. Kwenye ule mlio wa misumeno nani angesikia?

"Jirani!" alipiga kelele dirishani. "Niangalizie watoto!"

Hakungoja jibu. Alitoka na kandambili, na alipofika kwa mchomeleaji zilikuwa zimebaki nyuma. Mchomeleaji aliinua kioo chake cha macho, akauliza kuna nini, moto? Hakuwa na pumzi ya kumpa. Alikuwa anahesabu hatua za mumewe: anavua shati la nyumbani, anavaa ovaroli, anafunga viatu. Yeye hufunga viatu polepole. Mungu wangu, leo avifunge polepole. Leo kamba ikatike. Mtaa ule aliokuwa akiupita kila siku bila kuuona ulikuwa umerefuka kama mpira uliovutwa, na kila aliyekuwa njiani alikuwa amesimama mahali pasipofaa.

Getini dereva wa muuzaji aliamka na kushangaa. "Mama, naondoka na ipi?"

Alimpita.

Misumeno ilikuwa ndiyo kwanza imenyamaza, wafanyakazi wameshaelekea kwenye chakula. Kwa hiyo alizisikia sauti zote mbili vizuri kabisa, kutoka upande wa pili wa karakana.

"Babu kasimama?"

Ilikuwa sauti ya Chapchap. Dada wa vitufe, ambaye kila siku ndiye huuliza hivyo, alikuwa ameambiwa aende akale. Leo msimamizi alitaka kuiendesha silinda yake kwa mkono wake mwenyewe.

"Kasimama!" ilijibu sauti ya mumewe kutoka chini ya ardhi.

"Usi—" alianza Mama Pacha, na hapakuwa na pumzi ya kulimaliza neno.

"Nalaza!"

Pampu ikanguruma.

Kutoka mlangoni hadi kwa Chapchap palikuwa mbali, toroli na mabunda ya mbao njia nzima. Chapchap alimwona. Aliinua mkono mmoja kumpungia, meno nje, kama mtu anayesema njoo uone, na kidole cha mkono wa pili hakikutoka kwenye kitufe. Jukwaa lilikigusa kichwa cha Babu. Siku zote hapo ndipo palipokuwa mwisho wa habari. Leo ile ngurumo ilibadilika tu, ikawa nzito, na chini yake ukatoka mlio mwingine ambao Mama Pacha hakuwahi kuusikia kiwandani pale: mlio mrefu, mwembamba, wa mbao inayolia.

Swichi kuu ilikuwa ukutani, kando ya mlango. Hakukumbuka kuifikiria. Alijikuta amening'inia kwenye mpini wake kwa uzito wote wa mwili.

Taa zilizimika. Pampu ilishusha sauti, ikanyamaza.

Babu hakunyamaza. Alilia tena gizani, kifupi, halafu kukatulia.

"Baba Pacha!"

Hakuna jibu. Alisikia dereva akiingia nyuma yake na kusimama. Aliita tena, safari hii kwa jina ambalo alikuwa hajalitumia tangu walipopata watoto, na sauti ilimtoka kama ya mtu mwingine.

"Nani kazima taa?" ilisema sauti shimoni.

Mama Pacha aliifuata sauti. "Usimguse Babu! Unanisikia? Mwachie. Toka kwa upande wa ngazi. Polepole."

"Amepinda," ilisema sauti, na sasa haikuwa na mzaha wowote. "Mama Pacha, Babu amepinda. Amepasuka mpaka katikati."

"Usimwangalie. Angalia ngazi."

Alifika ukingoni, akalala kifudifudi kwenye vumbi la mbao na kuwasha tochi iliyokuwa bado mfukoni. Babu alikuwa ameinama kama mtu mwenye maumivu ya mgongo, ubavu mmoja umefumuka, vibanzi virefu vimetokeza kama sindano. Jukwaa lilikuwa limemkalia kwa pembe moja tu. Kati ya Babu na ngazi palikuwa na nafasi ya kupita mtu akiingiza tumbo ndani, na mumewe alikuwa anapita hapo kwa ubavu, macho yameng'ang'ania taa ya tochi. Mama Pacha alimshika ukosi wa ovaroli mara tu ulipofika mkononi, na aliuvuta kwa nguvu hata vifungo viwili vikaruka.

Wote wawili walibaki wamekaa sakafuni. Kiganja cha kulia cha Baba Pacha kilikuwa kimechunika, kibanzi kimoja kimechoma mkono wa nguo na kutokea upande wa pili bila kugusa ngozi. Mama Pacha alikichomoa, akakitazama, akakiweka chini.

Chapchap alikuwa amesimama palepale. Kidole chake kilikuwa bado juu ya kitufe.

"Toa mkono," alisema Mama Pacha.

Aliutoa. "Nilibonyeza kama kawaida," alisema. "Shemeji, nilibonyeza kama kawaida tu. Kaka, wallahi, kama siku zote."

"Najua. Ndicho kinachonitisha."

Dereva alileta maji kwenye kopo. Baba Pacha alikunywa, yakammwagikia kifuani. Kisha Chapchap akajipangusa uso kwa mkono wa shati, na Mama Pacha akaona rangi ikimrudia, na pamoja na rangi, oda.

"Sasa tumejua," alisema Chapchap. "Si ndiyo? Tumejua, hatutarudia. Naweka tangazo kubwa hapa, jekundu: marufuku kulaza. Babu anasimama, kitufe hakiguswi, umeme unazimwa. Silinda haina kosa."

"Silinda haina kosa," alikubali Mama Pacha.

"Basi!"

"Kwenye mashine isiyo na mtu chini yake ningeifunga leo na kukupongeza. Hapa chini anaingia mtu."

"Ni kuzoea tu," alisema Baba Pacha kwa sauti ndogo, akiwatazama mmoja baada ya mwingine. Alikuwa bado anataka kuwapatanisha. "Nitawakumbusha. Kila siku nitawakumbusha."

"Wewe utawakumbusha ukiwa wapi? Huko chini?" Alimgeukia Chapchap. "Na wewe, tangazo lako litasomwa wiki moja. Wiki ya pili litafunikwa na vumbi. Wiki ya tatu dada wa vitufe ataumwa, ataletwa mwingine aliyefundishwa kulaza tangu siku ya kwanza, atauliza Babu kasimama, atajibiwa kasimama. Nani atakuwa mlangoni siku hiyo? Mimi nitakuwa nyumbani naosha sahani."

"Na kasi, shemeji? Nikimwambia mwenye kiwanda—"

"Mwambie reli za pembeni zimejaa gundi, ndizo zinazolichelewesha jukwaa. Nitazikwangua, nitaweka mpira mnene wa kurudishia mafuta. Litashuka haraka kuliko zamani na polepole kuliko unavyotaka. Likimkuta Babu, litasimama. Likinikuta mimi na mbao yoyote ngumu, litasimama. Ndiyo silinda ninayoitaka chini ya mume wangu. Ni kaka yako."

Chapchap alikitazama kile kibanzi sakafuni, akakiokota.

"Jamani," alisema dereva taratibu, "sitaki kuingilia, lakini nina safari. Naondoka na ipi?"

"Iliyo shimoni," alisema Mama Pacha, na alikuwa amekwisha kusimama. "Usiondoke, tutahitaji mikono yako."

Alichukua kufuli mfukoni, akaifunga swichi kuu, ufunguo akautia ndani ya sidiria ambako msimamizi yeyote asingeufuata. Alimwamuru Chapchap ashushe winchi ya mkono iliyokuwa ikining'inia kwenye boriti ya dari. Walilifunga jukwaa kwa minyororo pembe zote, na Chapchap akavuta, jasho likimtiririka, mpaka minyororo ikakazika na uzito ukaondoka kichwani mwa Babu. Hakuna aliyemwambia avute polepole.

"Niingie mimi," alisema Baba Pacha. "Napajua."

"Wewe kaa hapo ukiwa na mikono yako."

Alishuka ngazi peke yake, miguu mitupu kwenye mafuta, jukwaa likimpumulia kisogoni. Hofu ilikuwa palepale, na hakuwa na muda wa kubishana nayo. Alilegeza viungo vya mipira ya mafuta, presha ikatoka kwa mluzi na kumlowesha mpaka kwenye kiwiko. Aligonga pini ya juu, ikatoka. Akagonga ya chini, ikakataa, akaitukana tusi ambalo pacha hawakuwahi kulisikia, ikatoka.

"Vuta!"

Dereva na Chapchap waliivuta kwa kamba, ikapanda inang'aa, safi, haina hata mkwaruzo. Aliwasikia wakihema nayo mpaka nje, akasikia kitako cha gari kikishuka kwa uzito wake, mlango ukibamizwa, injini ikiwaka, geti likifunguliwa na kufungwa.

Alijifuta mafuta usoni kwa bega.

"Leteni ya upande mmoja," aliita kutoka shimoni. "Na ile spana kubwa."